Ned Stark hakuponzwa na uaminifu. Uzi mrefu kuhusu A Game of Thrones, kitabu cha kwanza

Wakuu, salaam.

Nimemaliza kukisoma kwa mara ya tatu A Game of Thrones, kile kitabu cha kwanza cha George R. R. Martin, na safari hii nimeshindwa kunyamaza. Humu jukwaani kila jina la Ned Stark, bwana wa kaskazini katika hadithi hii, linapotajwa, majibu ni yale yale: uaminifu ulimponza, mtu mwema siasa haimfai. Hata mimi nilikuwa nasema hivyo, enzi zile tunaangalia tamthilia kwa flashi za kuazimana. Leo nasema hapana, na nina ushahidi wa kurasa. Ninafichua kila kitu cha kitabu cha kwanza, kwa hiyo ambaye hajakisoma wala hajaona tamthilia aishie hapa, arudi akimaliza.

Kwa ufupi kwa wasiokijua. Kitabu kilitoka mwaka 1996. Martin alikuwa ameshaandika hadithi nyingi za kisayansi na kufanya kazi ya kuandikia televisheni Marekani. Mwaka 1991 alikuwa katikati ya riwaya nyingine kabisa, ikamjia picha ya watoto wa mbwamwitu wanaokutwa kwenye theluji ya kiangazi. Akaiandika, na ile riwaya nyingine ikalala. Alidhani hadithi itaisha kwa vitabu vitatu. Mpaka sasa ni vitano, cha tano kilitoka 2011, cha sita bado tunakisubiri. Sehemu kubwa ya moto wake ameuchota katika historia ya Uingereza, vita vya karne ya 15 kati ya ukoo wa York na ukoo wa Lancaster. Yasikilizeni tu majina Stark na Lannister. Na ule Ukuta wa barafu, wenye kimo cha futi 700 na urefu wa maili 300, ulimjia aliposimama juu ya ukuta wa Hadrian, uliojengwa na Warumi kaskazini mwa England.

Historia inatosha. Twende kwenye hoja.

Sura ya kwanza baada ya utangulizi, Bran ana miaka saba, anachukuliwa kwenda kumwona baba yake akimkata kichwa mtoro wa Walinzi wa Usiku, wale wanaoulinda Ukuta. Ned anamfundisha mwanawe kwamba anayetoa hukumu ndiye anayepaswa kuushika upanga, na kwamba mtu unayemuua ni haki yake umtazame machoni na usikie maneno yake ya mwisho. Sote tunampenda hapo hapo. Lakini hebu tujiulize yule mtoro ni nani. Kwenye tamthilia ni yule kijana Will. Kwenye kitabu ni Gared, mzee ambaye baridi ilishamla masikio, mmoja wa wale watatu wa utangulizi waliovuka Ukuta, na ndiye pekee aliyerudi hai. Upande huu wa Ukuta hakukuwa na mtu mwenye habari nzito kuliko yake. Na mtu mwenye haki kuliko wote katika kitabu anamkata kichwa.

Sheria ni msumeno, tunajua, hukata mbele na nyuma. Ned hakuvunja sheria yoyote. Hata kuhoji alihoji: Bran anakumbuka kwamba maswali yaliulizwa na majibu yakatolewa, ila yaliyosemwa hayakumbuki vizuri, na Martin kwa makusudi hatupi sisi tusikie. Baadaye Ned anamwambia mkewe Catelyn kwamba maskini yule alikuwa nusu kichaa, hofu ilikuwa imemwingia mahali ambapo maneno hayafiki. Basi. Mambo yakaishia hapo. Shahidi alikuja, akazungumza vibaya kwa sababu ya hofu, akazikwa na habari yake.

Shikeni hiyo, kwa sababu inajirudia.

Ned anateuliwa Mkono wa Mfalme, yaani msaidizi mkuu wa mfalme Robert, anahamia King's Landing, makao makuu ya dola. Siku moja Arya, binti yake wa miaka tisa, anapotea chini ya ngome, kule gizani kwenye mafuvu ya majoka, na anawasikia watu wawili wakipanga mambo ya vita na kifo cha Mkono wa Mfalme. Anakimbia kwa baba yake. Anayaeleza kama mtoto anavyoeleza, mara mmoja alikuwa mnene, mara walikuwa wachawi, mara kuna mtu anaitwa hivi. Ned anadhani amewaona waigizaji. Kabla hajauliza la pili, anaingia Yoren wa Walinzi wa Usiku na habari nyingine ya haraka, na maneno ya Arya yanapotea. Msomaji unataka kuingia ukurasani umshike Ned bega, kwa maana binti amemletea uhai wake mkononi.

Hapo ndipo nilipoacha kusema kwamba aliponzwa na uaminifu. Ned anawasikia watu wanaozungumza kwa mpangilio, wenye vyeo, wenye barua, wenye viapo. Anayekuja anatetemeka, au ni mtoto, au hana maneno, huyo habari yake haifiki. Na si yeye tu. Osha, yule mwanamke mateka kutoka ng'ambo ya Ukuta, anamwambia Bran kwamba kaka yake anaelekeza jeshi kusiko, panga zile zingekwenda kaskazini; alijaribu kumwambia Robb mwenyewe, Robb hakuwa na sikio kwake. Tyrion Lannister, ndugu yake malkia, anamweleza Catelyn njiani kwamba lile jambia la mtu aliyetumwa kumuua Bran haliwezi kuwa lilimfikia kwa njia aliyoambiwa, kwa sababu yeye hajawahi kuweka dau dhidi ya ndugu zake. Catelyn anaanza kuwa na shaka, lakini keshamfanya Tyrion mateka na safari inaendelea. Kila upande kuna mtu ana kipande cha ukweli na hakuna anayekipokea.

Na umbo lenyewe la kitabu limejengwa juu ya hilo. Toa utangulizi, zinabaki sura 72, na kila sura inasimuliwa kupitia mtu mmoja kati ya wanane: Ned ana 15, Catelyn 11, Daenerys 10, Jon na Tyrion 9 kila mmoja, Bran 7, Sansa 6, Arya 5. Hakuna msimulizi anayejua yote. Sisi tu wasomaji ndio tunaowasikia wote wanane. Kwa hiyo tunapomwita Ned mjinga tunasahau kwamba tumekaa kwenye kiti ambacho yeye hakupewa.

Naweka kituo hapa, nitaendelea na ile habari ya fedha na zile saa za mwisho.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu umeandika vizuri lakini unamtetea mno. Varys mwenyewe, mkuu wa majasusi wa mfalme, alimfuata shimoni akamwambia kwamba kilichomuua mfalme si mvinyo, ni huruma yake Ned. Alimwendea malkia Cersei bustanini akamwambia "najua siri yako, kwamba watoto si wa mfalme, wachukue ukimbie". Nani anamwonya adui? Huo si uaminifu uliomponza ni nini?

Mleta uzi:
Asante ndugu, hili ndilo nililolitegemea. Kwanza tumwangalie anayesema. Varys alimwambia Ned mapema kabisa kwamba wapo wanaotaka Robert afe, na kwamba hata kwenye yale mashindano walipanga afie uwanjani. Alijua. Ana ndege wake kila ukuta. Na hakumwonya mfalme wala hakuliondoa lile kombe la mvinyo lililomlegeza Robert mbele ya nguruwe mwitu. Mtu aliyekaa na habari akaiweka mfukoni anamlaumu aliyeitoa. Simkubali Varys kama hakimu.

Pili, Ned hakumwonya Cersei kwa sababu ya ulokole. Soma kwa nini. Huyu ni mtu aliyeziona maiti za watoto wa Rhaegar, mwana wa mfalme aliyepinduliwa na Robert, zimewekwa mbele ya Kiti cha Chuma, zimeviringishwa majoho mekundu ya Lannister, na akamwona Robert, rafiki yake wa kufa na kuzikana, akiridhika. Waligombana kwa hilo. Miaka mingi baadaye Robert huyo huyo anataka kutuma mtu akamuue Daenerys, dada yake Rhaegar, aliye mjamzito ng'ambo ya bahari, na Daenerys ana miaka 14 tu. Ned anaivua beji ya Mkono wa Mfalme na kuiweka mezani. Kwa hiyo alipomwambia Cersei akimbie, alikuwa anawaokoa Joffrey, Myrcella na Tommen wasije kulazwa sakafuni kama wale. Alijua Robert atafanya nini. Mimi kama mzazi siwezi kumwita mjinga kwa hilo.

Sasa fedha, kwa kuwa hapa ndipo siasa yenyewe ilipo na tamthilia iliipita haraka. Ned anafika barazani anakuta dola inadaiwa zaidi ya dhahabu milioni sita, karibu nusu ni deni la Tywin Lannister, baba yake malkia. Wengine wanaodai ni ukoo wa Tyrell, Benki ya Chuma ya Braavos, wafanyabiashara wa Tyrosh, mpaka viongozi wa dini. Na katikati ya deni hilo mfalme anaamuru mashindano ya kumkaribisha Ned: elfu 40 kwa mshindi wa mikuki, elfu 20 kwa wa pili, elfu 20 kwa mshindi wa vita vya pamoja, elfu 10 kwa mpiga upinde. Jumla elfu 90.

Wekeni hesabu hiyo pembeni ya nyingine. Robert akiwa anakata roho, Ned anahitaji askari wa jiji, wale elfu mbili wenye majoho ya dhahabu. Littlefinger, mtunza hazina wa dola, anamtajia bei: elfu sita zinatosha, theluthi kwa kamanda, theluthi kwa maofisa, theluthi kwa askari. Utii wa jiji zima haukufika hata theluthi ya zawadi ya mshindi wa pili wa mikuki. Nilipoiona hiyo mara ya tatu nilifunga kitabu nikakaa kimya.

Kwa nini alihitaji kununua? Kwa sababu watu wake hawakuwapo. Alipoletewa wakulima ambao vijiji vyao vilichomwa na Gregor Clegane, mpiganaji wa akina Lannister, alifanya haki: akatuma kikosi kumkamata, na ndani yake akaweka watu 20 wa walinzi wake mwenyewe. Wengine wakafa barabarani siku Jaime, pacha wa malkia, alipomvamia, Jory mkuu wa walinzi wake akiwamo, naye akavunjika mguu. Kwa hiyo usiku ule ana mguu uliovunjika, walinzi wachache, hazina isiyo yake na washauri wasio wake. Renly, mdogo wake mfalme, anamletea ofa ya panga 100 ndani ya saa moja, wawatoe watoto vitandani. Anakataa. Littlefinger anampa njia nyingine, amkubali Joffrey kisha atawale kwa jina lake. Anakataa pia. Halafu anamkabidhi Littlefinger huyo huyo fedha za kuwanunua askari. Hilo ndilo kosa lake, nalo namhukumu bila kumwonea haya. Tangu mwanzo Littlefinger alikuwa ameshamwambia kwa kinywa chake asimwamini. Hata hapo shahidi alisema na hakusikiwa.

Mchangiaji wa pili:
Nami niseme la Sansa, binti mkubwa wa Ned, maana watu wa kwetu pwani tukisoma pale tunamkumbuka mtoto wa Liyongo. Baba shujaa, adui hamuwezi, mwisho habari inatoka ndani ya nyumba. Sansa ndiye aliyekwenda kwa malkia kumwambia baba yake anataka kuwaondosha mjini. Mimi sijamsamehe.

Mleta uzi:
Dada yangu, nimeipenda hiyo, ila nakuomba umsamehe. Mtoto wa Liyongo alitumwa, akaahidiwa bibi harusi, akajua sindano ile itakwenda kitovuni kwa baba yake. Sansa ana miaka 11. Anadhani anamwomba mama mkwe mwema amtetee asitenganishwe na mchumba. Hakuna aliyemweleza kilichokuwa kinaendelea. Ned alimwambia tu kwamba wanaondoka, akalia, basi. Na angalieni umri wa wote, kwa sababu tamthilia iliwapandisha na tukasahau: kaka zake Robb na Jon ni vijana wa miaka 14 hadithi inapoanza, mdogo wao Rickon ana mitatu. Yule Robb anayeligawa jeshi, waenda kwa miguu wakamkabili Tywin na yeye na wapanda farasi wavuke daraja la Walder Frey kwenda kumnasa Jaime, ni kijana wa rika la kidato cha pili.

Mchangiaji wa tatu:
Swali fupi wakuu. Nimeshaangalia misimu yote minane. Kuna haja ya kusoma kweli?

Mleta uzi:
Kuna haja kaka, na msimu wa kwanza ulifuata kitabu kwa karibu sana, kwa hiyo hutapotea njia. Nenda kwa ajili ya vitu ambavyo kamera haiwezi. Vita vya Msitu wa Minong'ono tunavipata kupitia Catelyn aliyekaa mlimani gizani, anasikia farasi, chuma, mbwamwitu na vilio, haoni karibu chochote. Mama anamsikiliza mtoto wake akipigana. Nenda pia kwa ndoto za Ned kuhusu dada yake Lyanna na ile ahadi aliyompa akiwa anakufa. Kwenye kitabu ahadi hiyo inamrudia tena na tena, na hapo utajiuliza kama huyu tunayemwita mkweli kuliko wote hajabeba siri kubwa kwa miaka 14. Zaidi ya hapo sisemi.

Kizungu chake si kigumu sana ukishazoea majina. Mwisho wa kitabu kuna orodha ya koo, iwekee alama. Mimi mara ya kwanza nilichora ukoo wa Stark na wa Lannister kwenye karatasi ya daftari nikawa naichungulia, na baada ya sura kama kumi sikuihitaji tena.

Mchangiaji wa nne:
Mbona Daenerys umemgusa kidogo tu? Sura zake kumi ni kama kitabu kingine ndani ya kitabu.

Mleta uzi:
Kweli, na hilo ni deni langu. Tena sehemu hiyo ilichapishwa peke yake kama riwaya fupi ikapata tuzo ya Hugo mwaka 1997. Nami naona nayo inasema jambo lile lile la kusikia.

Kaka yake Viserys anamuoza kwa Khal Drogo, kiongozi wa kabila la wapanda farasi, ili apewe jeshi. Yule binti anakua, anapata sauti, na Drogo anaposhambulia mji wa Walhazar, yeye anazuia wanawake wasidhalilishwe zaidi, anamchukua chini ya ulinzi wake mganga mmoja, Mirri Maz Duur. Anaamini amemwokoa. Drogo ana jeraha, mganga analitibu, jeraha linaoza. Daenerys anaomba uchawi wa kumrudisha. Anaambiwa wazi kwamba uhai hulipwa kwa kifo. Anadhani kifo hicho ni cha farasi aliyechinjwa. Mtoto wake tumboni anakufa, Drogo anabaki kiwiliwili kisicho na mtu ndani.

Ndipo Mirri anamjibu: nyumba yangu ya ibada imechomwa, watu wangu wamechinjwa, uliokoa nini hasa? Maneno si hayo kamili, maana ni hiyo. Miezi mingi nilimchukia mama huyu. Sasa siwezi. Yeye peke yake katika sura zile kumi ndiye anayesema kwa niaba ya vijiji ambavyo farasi hupita juu yake, na Daenerys alikuwa amempenda bila kumuuliza anajisikiaje. Halafu unakuja ule moto, mayai matatu ya majoka, na mwisho ule ambao kila mtu anaujua.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu nimekuelewa kwa kiasi, ila hujamalizia. Mwanzoni ulituambia mtoro alikatwa kichwa. Na Ned?

Mleta uzi:
Nilikuwa naliogopa hili, wacha nilimalize.

Wanaosema uaminifu ulimuua wasome sura ile ya tano ya Arya polepole. Ned anatolewa mbele ya hekalu kuu la Baelor na anasema uongo. Mbele ya umati wote anakiri uhaini ambao hakuufanya na kumtangaza Joffrey mfalme wa halali. Amekubali kuivunja heshima yake yote kwa sababu Varys amemwambia Sansa yuko mikononi mwao. Makubaliano ni kwamba akikiri atapelekwa kwenye Ukuta akawe mmoja wa Walinzi wa Usiku, kundi lile lile alilolitoroka Gared. Hata Cersei alitaka iwe hivyo. Na ni baada ya uongo huo, si baada ya ukweli wowote, ndipo Joffrey anaamuru kichwa chake. Ilyn Payne, mkata vichwa wa mfalme, anatoa upanga, na Arya anautambua kabla ya sisi: ni Ice, upanga wa baba yake, ule ule aliomkatia mtoro kule kaskazini, ambao aliusafisha mwenyewe chini ya mti mtakatifu sura inayofuata. Na safari hii aliyetoa hukumu hakuushika upanga, amekaa pembeni anatabasamu.

Martin hatuonyeshi. Arya anajaribu kupenya na upanga wake mdogo, Yoren anamdaka, anamfunga uso kifuani na kumwambia asitazame. Kwa hiyo tunachopata ni sauti tu, kama watu wengi wameshusha pumzi kwa pamoja. Yoren huyo ndiye aliyeingia chumbani siku ile Arya alipokuwa anamweleza baba yake aliyoyasikia chini ya ngome. Sijui kama kuna aliyeliona hilo kabla yangu humu, kama yupo aseme, maana mimi nimelibeba wiki nzima sina wa kumwambia.